Kiolezo cha kontena kikigoma kujengeka kwenye Proxmox

Seva ya Proxmox (mfumo wa kuendesha mashine pepe na makontena) ikishindwa kuumba kontena, yaani mfumo wa Linux uliotengwa unaotumia kerneli ya seva, kutokana na kiolezo ulichokijenga mwenyewe, neno lake la mwisho huwa ni amri ya `tar` (zana ya kufungasha na kufungua mafaili) yenye urefu wa mistari mitatu, na mkiani imeandikwa `failed: exit code 2`. Hiyo ni taarifa ya msiba, ugonjwa haumo. Wengi hunakili mstari huo, wakautafuta mtandaoni na kukuta majibu chungu nzima yasiyofanana. Huenda yote ni ya kweli, maana kodi 2 ya `tar` inasema jambo moja tu: kuna kitu kizito kiliharibika huko nyuma. Kinachookoa muda ni kupanda juu hadi lalamiko la kwanza, halafu kujiuliza limetokea wapi: kwenye seva mwenyeji, ndani ya mti wa faili unaojengwa, au pale seva inapojaribu kuupokea mti huo. Kila sehemu ina makosa yake, na suluhisho la moja halifai kwingine.

Kwenye Proxmox vitu viwili huitwa kiolezo. Cha kwanza ni faili la `tar` lililobanwa, linalokaa kwenye `/var/lib/vz/template/cache` na kufunguliwa kila kontena jipya linapoumbwa. Cha pili ni kontena zima lililogandishwa kwa `pct template`, diski yake ikapewa jina kama `base-105-disk-0`, na makontena mengine yakanakiliwa kwake. Cha pili kikigoma sababu huwa chache: kontena bado lina snapshoti (nakala ya hali yake ya wakati fulani), au hifadhi ya diski haimudu unakili wa namna hiyo. Futa snapshoti, au hamishia diski kwenye LVM-thin au ZFS, kazi imekwisha. Makala hii ni ya kile cha kwanza. Na kwa kuwa Proxmox iliacha teknolojia ya makontena ya OpenVZ ikahamia ile ya LXC kuanzia toleo 4.0 la mwaka 2015, maelekezo yoyote yanayotaja `vzctl`, amri ya OpenVZ, ni ya zama nyingine, yapite.

Ushahidi kwanza

Violezo vya Debian na Ubuntu vya Proxmox hujengwa kwa zana iitwayo DAB, nayo iko wazi kwa yeyote: `apt install dab`. Unaandika faili la `dab.conf` lenye toleo la Debian, jina la kiolezo na aina ya prosesa, kisha unakwenda kwa mfuatano huu:

```
dab init
dab bootstrap
dab install nginx
dab exec systemctl enable nginx
dab finalize
```

Kila hatua huandika kwenye faili liitwalo `logfile` ndani ya folda ya kazi. Mtego wake ni kwamba `dab init` hulifuta faili hilo na kuanza upya. Mtu anaona kosa, anarudia ujenzi wote kwa hasira, na ushahidi wa mara ya kwanza umekwenda. Kabla hujarudia chochote, andika `cp logfile logfile.1`. Na kabla ya kufuta folda ya kazi, jaribu `dab enter`: inakuingiza ndani ya kontena linalojengwa, mahali ambapo unaweza kurudia amri iliyogoma kwa mkono na kuiona ikilalamika mbele yako.

Anayetumia `debootstrap` (zana inayojenga mti wa mfumo wa Debian kutokana na vifurushi) moja kwa moja atakuta habari zake ndani ya mti wenyewe, kwenye `rootfs/debootstrap/debootstrap.log`. Ujenzi ukikamilika, zana hiyo huihamisha logi kwenda `rootfs/var/log/bootstrap.log` na kuifuta folda ya `debootstrap`. Kwa hiyo ukiikuta folda hiyo bado ipo kwenye kiolezo, usisome zaidi: hatua ya kwanza haikumalizika, hata kama skripti yako ilisema imemaliza.

Na skripti husema uongo kwa urahisi. Ukiandika `tar ... | zstd ...` au `debootstrap ... | tee logi.txt`, ganda la Bash hutazama kodi ya amri ya mwisho tu. `tar` inaweza kufa katikati, `zstd` ikabana kwa utulivu kile ilichopokea, na mwisho wake ni faili zuri lenye nusu ya mfumo. Juu ya kila skripti ya ujenzi weka `set -euo pipefail`. Bila mstari huo, nusu ya mambo yaliyomo humu chini hutayaona mpaka siku kontena linapogoma kuwaka.

Kwa upande wa uumbaji wa kontena, logi ya kila kazi hubaki kwenye seva. `pvenode task list` inakupa orodha, na `pvenode task log` ikifuatwa na namba ndefu inayoanza na `UPID` inakupa maneno yote, si ule mstari mwekundu wa ukurasa wa usimamizi tu.

Makosa ya seva mwenyeji

Lililoenea siku hizi ni hili:

```
E: Cannot install into target '/tmp/ujenzi/rootfs' mounted with noexec or nodev
```

Proxmox VE 9 imejengwa juu ya Debian 13, na kwenye Debian 13 folda ya `/tmp` haiko tena kwenye diski: ni tmpfs, yaani RAM, yenye kikomo cha nusu ya RAM ya mashine na iliyopachikwa kwa sharti la `nodev` (faili za vifaa hazifanyi kazi humo). Skripti iliyofanya kazi vizuri kwenye toleo 8 inakufa kwenye toleo 9 bila herufi moja kubadilika. Hata kama ungeliondoa hilo sharti, kujenga mifumo ndani ya RAM ya seva inayobeba makontena ya watu si wazo zuri. Jengea kwenye diski, mathalani `/var/lib/vz/ujenzi`, na hakikisha kwa `findmnt -T /var/lib/vz/ujenzi` kwamba `nodev` na `noexec` hazimo.

Kosa hilohilo linaweza kuibuka ukijenga ndani ya kontena lisilo na mamlaka (unprivileged, ambamo `root` wa ndani si `root` wa seva), kwa sababu humo kerneli hairuhusu kuumba faili za vifaa kwa `mknod`. Mahali salama pa kujengea violezo ni mashine pepe ndogo ya Debian. Ukiharibu, umeharibu mashine pepe.

`No space left on device` inaeleweka, ila itazame kwa amri mbili, `df -h` na `df -i`. Diski inaweza kuonyesha gigabaiti kadhaa zikiwa wazi huku inodi (nafasi za kusajili faili) zimeisha, na ujenzi wa mfumo ni faili ndogondogo maelfu kwa maelfu. Kumbuka pia kwamba kwenye usakinishaji wa kawaida `/var/lib/vz` iko kwenye sehemu moja na mfumo wa seva wenyewe. Ukiijaza, hujaharibu ujenzi tu. Proxmox nzima itaanza kuyumba.

Makosa ya saini, tarehe na toleo yana sura nne, na kila moja ina sababu yake. `Release file ... is not valid yet` maana yake saa ya seva iko nyuma; irekebishe kwa `timedatectl` kabla ya kugusa kingine. `Release file ... is expired` mara nyingi maana yake hazina ya vifurushi unayoitumia haijasasishwa kwa siku nyingi, au umeelekea `archive.debian.org`, ambako matoleo yaliyostaafu huhifadhiwa na tarehe zake zimepita kabisa. Huko tu ndiko panapofaa kuweka `Acquire::Check-Valid-Until "false"`. `Release signed by unknown key` inataka kifurushi kipya cha `debian-archive-keyring`, kwa sababu seva ya zamani haina funguo za toleo jipya. Nayo `No such script: /usr/share/debootstrap/scripts/trixie` inakuambia `debootstrap` yako ni ya kale kuliko mfumo unaoujenga. Sasisha kifurushi, au, kwa haraka, skripti hizo za Debian karibu zote ni viungo vinavyoelekea kwenye faili moja liitwalo `sid`, hivyo `ln -s sid trixie` ndani ya folda hiyo inatosha.

`Hash Sum mismatch` ni ya njiani. Ama hazina iko katikati ya kusasishwa, ama kuna proksi kati yako na hazina inayokupa orodha ya leo na kifurushi cha juzi. Subiri saa chache au badili hazina. Anayejenga kwa bando la simu ana sababu ya ziada ya kuweka `CacheDir: ../cache` kwenye `dab.conf`: `dab dist-clean` hufuta vifurushi vilivyoshushwa, isipokuwa pale ulipotaja folda yako mwenyewe ya kuvihifadhia.

Ndani ya mti

Hapa ndipo `dpkg`, kisakinishi cha vifurushi vya Debian, na skripti za vifurushi zinapofanya kazi kwenye mfumo usiowaka. DAB inalifanya hili ndani ya kontena halisi, hivyo hukuepusha na mengi. Anayejenga kwa `chroot` ya mkono (amri inayoifanya folda ionekane kuwa mzizi wa mfumo) atakutana na yafuatayo.

`Temporary failure resolving 'deb.debian.org'`, ilhali seva yenyewe inafika mtandaoni bila shida. Tazama `ls -l rootfs/etc/resolv.conf`. Kama ni kiungo kinachoelekea `/run/systemd/resolve/stub-resolv.conf`, ndani ya `chroot` faili hilo halipo. Kiondoe kiungo, weka faili la kawaida lenye anwani ya DNS inayofikika, na ukumbuke kulitoa kabla ya kufungasha.

Makosa ya ajabu yanayotaja `/dev/null`, hasa `Permission denied`, yana chanzo cha kuchekesha. Kama `/dev/null` haikuwepo ndani ya mti, skripti ya kwanza iliyotupa maneno yake huko iliumba faili la kawaida lenye jina hilo. Kuanzia hapo kila takataka inarundikana humo, na programu zisizo za `root` zinakataliwa kuandika. Mstari wake unatakiwa uanze hivi:

```
crw-rw-rw- 1 root root 1, 3
```

Ukiona unaanza na `-rw-r--r--`, umempata mhalifu. Futa, kisha `mknod -m 666 rootfs/dev/null c 1 3`.

Kisha kuna ujenzi usiofeli wala kuendelea: umesimama tu. Kifurushi kimeuliza swali, pengine `tzdata` inataka ukanda wa saa, na hakuna wa kujibu. Weka `DEBIAN_FRONTEND=noninteractive`, na kwa maswali ya faili za mipangilio ongeza `-o Dpkg::Options::=--force-confold` kwenye `apt-get`.

Huduma zinazojiwasha wakati wa kusakinishwa ni tatizo kubwa zaidi, maana hufungulia mlango matatizo mengine. Hifadhidata inawaka ndani ya `chroot`, inashika faili, na mwisho unapotaka kupachua unaambiwa `target is busy`. Zuia mapema:

```
printf '#!/bin/sh\nexit 101\n' > rootfs/usr/sbin/policy-rc.d
chmod 755 rootfs/usr/sbin/policy-rc.d
```

Utaona `policy-rc.d denied execution of start` kwenye logi. Hilo si kosa, ni uthibitisho kwamba kizuizi kinafanya kazi. Kosa ni kukisahau ndani ya kiolezo: kila kontena litakalozaliwa litakuwa na huduma zisizojiwasha zinaposakinishwa, na mtumiaji hatapata dokezo lolote la sababu. Maonyo ya `perl: warning: Setting locale failed` hayajawahi kuvunja ujenzi. Yapuuze, au sakinisha `locales` yakikukera.

Kufungasha: hapa ndipo wengi huanguka

Ujenzi umefaulu, mti umekamilika, na bado kontena haliumbiki. Mara nyingi kosa limo kwenye amri moja ya `tar`.

Seva inapofungua kiolezo kwa kontena lisilo na mamlaka, huendesha `tar` chini ya `lxc-usernsexec`, ikiwa na vigezo `--anchored --exclude './dev/*'`. Tazama ile nukta na mkwaju. Proxmox inaruka yaliyomo kwenye `/dev` kwa sababu ndani ya kontena la namna hiyo `mknod` hairuhusiwi, lakini inayaruka kwa kulinganisha jina tangu mwanzo wake. Ukifungasha kwa `cd rootfs && tar -cf kiolezo.tar *`, majina yanaingia kama `dev/null`, bila nukta. Kichujio hakiyatambui, `tar` inajaribu kuviumba vifaa, na unapata `tar: dev/null: Cannot mknod: Operation not permitted`. Kosa la pili ni kufungasha folda yenyewe, `tar -cf kiolezo.tar rootfs/`. Hapo kila kitu kinashuka ngazi moja, seva inatafuta `/etc/os-release` na `/bin/sh` isizione, nawe unasoma `Architecture detection failed` ikifuatwa na `unable to detect OS distribution`.

Amri inayofaa ni hii:

```
tar -C rootfs --numeric-owner --acls --xattrs --xattrs-include='*' \
    --one-file-system -cpf - . | zstd -T0 -o debian-12-ofisi_1.0-1_amd64.tar.zst
```

Nukta iliyo peke yake kabla ya `|` ndiyo inayoyapa majina `./` mwanzoni. `--numeric-owner` inahifadhi namba za wamiliki badala ya majina, la sivyo mtumiaji mwenye namba 33 kwenye mti anaweza kugeuka mwingine kwenye seva. `--xattrs` inabeba uwezo wa ziada wa faili. Bila hiyo, kwenye Debian 12, `ping` itapoteza `cap_net_raw` yake, yaani ruhusa ya kutuma pakiti ghafi za mtandao. `--one-file-system` inazuia `/proc` na `/sys` zilizosahaulika zikiwa zimepachikwa zisiingie kwenye kiolezo. Hakiki kwa `tar -tf` ikifuatwa na `| head`: mstari wa kwanza uwe `./`, na inayofuata ianze vivyo hivyo.

Linalobaki ni la umiliki, na ndilo linaloleta mabishano ya "kwangu inafanya kazi". Sura yake ni hii:

```
tar: ./opt/app/conf: Cannot change ownership to uid 1402601103, gid 1402600513: Invalid argument
```

Kontena lisilo na mamlaka hupewa namba 65,536 za watumiaji: 0 hadi 65535 za ndani hutafsiriwa kuwa 100000 na kuendelea kwenye seva, kama `/etc/subuid` inavyosema kwa mstari `root:100000:65536`. Namba yoyote ya juu zaidi haina pa kwenda, na kerneli inajibu `Invalid argument`. Namba kubwa kama hizo hutoka wapi? Kwa kawaida kuna mtu alinakili programu kwenye mti kutoka kwenye kompyuta ya ofisi iliyounganishwa na Active Directory, orodha kuu ya watumiaji ya Microsoft. Ile 513 mwishoni mwa `gid` yenyewe inaeleza: ndiyo namba ya kundi la Domain Users. Chanzo kingine ni mafurushi ya msimbo yaliyofunguliwa na `root`, yakabaki na namba za aliyeyafungasha.

Jirani yako akiliumba kontena lenye mamlaka kamili, kiolezo kilekile kinapita bila neno, maana hakuna tafsiri ya namba. Kwenye ukurasa wa usimamizi kisanduku cha kontena lisilo na mamlaka huwa kimeshawekewa alama. Anayetumia amri hulitaja mwenyewe kwa `--unprivileged 1`. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana mchana kutwa juu ya faili moja, wote wakisema kweli. Kuondoa ulinzi huo, yaani kuliumba kontena lenye mamlaka kamili ili tu kosa lipotee, ni njia mbaya. Tafuta faili zenyewe:

```
find rootfs -xdev \( -uid +65535 -o -gid +65535 \) -printf '%U:%G %p\n'
```

kisha `chown -Rh root:root` kwa folda zilizotajwa, au kwa mtumiaji anayestahili. Jambo moja linaloficha kosa hili ni kwamba `tar` haisimami inapokutana nalo. Inaendelea kufungua kila kitu hadi mwisho, halafu ndipo inasema `Exiting with failure status due to previous errors`. Maneno ya kushika ni yale mawili ya mwisho. Chuja logi ya kazi kwa `grep '^tar:'` na usome mstari wa kwanza.

Faili lililokatika katikati lina lugha yake, `Unexpected EOF in archive` na ndugu zake. Kabla ya kulaumu chochote, endesha `zstd -t` au `gzip -t` juu ya faili. Ikifeli, nakili au jenga upya.

Seva inapokataa kupokea

`unsupported debian version '13.0'`, au ya Ubuntu inayofanana nayo, haimaanishi kiolezo chako ni kibovu. Kifurushi cha `pve-container` kina orodha ya matoleo kinayojua kuyaandalia mtandao na jina la mashine, na chako ni cha zamani. Mara nyingi seva haijasasishwa kwa sababu imebaki na hazina ya `enterprise.proxmox.com` bila kulipiwa, nayo inajibu `401 Unauthorized` kila siku bila mtu kuitazama. Weka hazina ya `pve-no-subscription` na usasishe. Wapo wanaohariri faili la Perl kwenye `/usr/share/perl5/PVE/LXC/Setup/` ili kupandisha kikomo cha toleo. Inafanya kazi hadi sasisho lijalo liifute, na kwa wakati huo hakuna anayekumbuka kwamba paliwahi kuhaririwa. Kwa mfumo usiotambulika kabisa, `--ostype unmanaged` inaiambia Proxmox isiguse chochote ndani. Mtandao na jina utaviweka mwenyewe.

`storage 'local' does not support container directories` haihusiani na kiolezo. Hukutaja hifadhi, seva ikachukua `local`, ambayo kwa kawaida huhifadhi violezo na ISO tu. Ongeza `--storage local-lvm` au hifadhi yako nyingine. Na kama kiolezo hakionekani kwenye orodha, angalia kwamba hifadhi husika ina `vztmpl` kwenye `/etc/pve/storage.cfg`. Jaribio likikatika vibaya na kontena likabaki na `CT is locked (create)`, tumia `pct unlock 105` kisha `pct destroy 105`.

Limeumbika, haliwaki

`pct start 105 --debug` ndiyo amri ya kuanzia. Ukitaka kila kitu, `lxc-start -n 105 -F -l DEBUG -o /tmp/lxc-105.log`.

`No such file or directory - Failed to exec "/sbin/init"` huwapata hasa waliojenga kwa `debootstrap --variant=minbase`. Aina hiyo huweka vifurushi vya lazima kabisa pamoja na `apt`, na mfumo wa kuwashia huduma haumo. Ongeza `--include=systemd-sysv,dbus,ifupdown`, na kama unataka DHCP taja pia `isc-dhcp-client` kwa Debian 12 au `dhcpcd-base` kwa Debian 13, kwa sababu `debootstrap` haileti vifurushi vinavyopendekezwa tu. Picha za Docker zilizotolewa kwa `docker export` zina upungufu huohuo, maana hazikukusudiwa kuwasha mfumo mzima.

`Exec format error` mahali hapohapo ni prosesa isiyolingana: mti wa arm64 kwenye mashine ya amd64.

Violezo vya zamani vina habari nyingine. Kuanzia toleo 7 Proxmox inatumia cgroup v2 (utaratibu wa kerneli wa kugawa rasilimali) peke yake kwa kawaida, na systemd (programu inayowasha mfumo na huduma zake) iliyo chini ya toleo 232 haiwezi kuwaka humo. CentOS 7 ina 219, Ubuntu 16.04 ina 229. Kwenye toleo 7 na 8 ungeweza kuirudisha seva nyuma kwa `systemd.unified_cgroup_hierarchy=0` kwenye amri ya kerneli; toleo 9 limeufunga mlango huo. Mfumo wa aina hiyo uhamishie kwenye mashine pepe.

Kwa upande wa pili, systemd mpya sana ndani ya kontena lisilo na mamlaka hulalamika kwa `status=226/NAMESPACE` au `243/CREDENTIALS`. Hapo kiolezo ni kizima, kilichokosekana ni `pct set 105 --features nesting=1`.

Kusafisha na kujaribu

Kabla ya kufuta mti ulioharibika, endesha `grep rootfs /proc/mounts`. Kama `/dev` ya seva bado imepachikwa ndani, `rm -rf rootfs` itafuta vifaa vya seva inayoendelea kufanya kazi. `rm -rf --one-file-system rootfs` inakulinda na `/dev`, `/proc` na `/sys`, kwa kuwa hizo ni mifumo tofauti ya faili. Haikulindi na folda ya diski ileile uliyoipachika kwa `mount --bind`, kwa mfano kache ya vifurushi: kwa `rm` hiyo ni diski moja, itaingia na kufuta. Pachua kwanza, `umount -R`, ndipo ufute.

Kabla ya kufungasha kiolezo kilicho kizima, toa `policy-rc.d`, fanya `apt-get clean`, futa `etc/ssh/ssh_host_*` na ufanye `truncate -s 0 rootfs/etc/machine-id`. Kisha umba makontena mawili yasiyo na mamlaka, si moja, na uyawashe pamoja:

```
for n in 201 202; do
  pct exec $n -- systemctl --failed
  pct exec $n -- cat /etc/machine-id
done
```

Huduma zilizofeli ziwe sifuri kwa yote mawili. Namba za mashine zikifanana, rudi kwenye `truncate`: seva ya DHCP inayotambua mashine kwa namba hiyo inaweza kuyapa makontena yote mawili anwani moja ya IP.